Kibati Mlangoni kwa Shakuru

Rangi haina haraka na mtu. Neno hilo nimelisema mpaka mdomo umechoka, lakini nani anasikia? Mteja anakuja asubuhi na gari imekwaruzwa, jioni anataka aende nayo harusini. Ukimwambia asubiri, anakununia kama umemnyima haki yake. Mimi Mwanvua nimeishi na fundi rangi tangu nikiwa msichana, nimemchanganyia rangi mume wangu Shakuru mpaka kucha zangu zikasahau rangi yake ya kuzaliwa, kwa hiyo kwenye jambo hili asije mtu kunifundisha.

Gereji yetu iko Buyenzi, mtaa wa Waislamu hapa mjini, mlango unatazama barabara, na nyuma kuna kiwanja kidogo kati ya ukuta na choo. Mbele wanapita watu mchana kutwa, maana Buyenzi watu hutembea kwa miguu, na mtu wa Buyenzi akiona gari mpya ya rangi hawezi kuipita hivihivi. Lazima aguse. Mtoto anagusa, mama mwenye kapu anagusa, hata shehe akitoka msikitini anagusa na kidole kimoja halafu anajifanya anakuna sikio. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliharibiwa kazi nyingi namna hiyo, mpaka siku moja akakata kipande cha bati, akakipaka rangi ileile ya gari, kwa mkono uleule, akakitundika kwenye waya mlangoni. Akawaambia watu kama wana kiu ya kugusa waguse hicho.

Ikawa desturi. Wakakiita shahidi. Mteja akija haulizi fundi kitu, anakwenda kwenye kibati, anakandamiza dole gumba. Dole likiacha alama, anarudi nyumbani. Lisipoacha, anachukua ufunguo wake. Gari yenyewe haiguswi na mtu yeyote mpaka mwenyewe aingie ndani. Watoto wangu walilijua hilo kabla ya kujua Alhamdu.

Binti yetu Fadhila aliolewa na Pontien. Pontien alikuwa mtunza ghala wa rangi kule Zone Industrielle, kwenye viwanda, ndiye aliyekuwa anatuletea mikebe, na ukimuuliza nini kilimleta Buyenzi mara nyingi vile atakwambia ni kazi. Kazi gani. Alikuwa anakaa kwenye benchi letu anakunywa chai mpaka birika linalia, macho yote mlangoni anakopita Fadhila. Alisilimu, wakafunga ndoa, akaanza kuniita mabukwe kama wanavyoita wakwe kwao, na mimi nikampenda kuliko nilivyotaka.

Halafu ikaja vita, na watu wakaanza kuulizana wewe ni wa hawa au wa wale. Sitaki kusema Pontien alikuwa wa wapi. Nilichoka na maneno hayo wakati ule na sasa nimechoka zaidi. Mwaka wa tisini na tano, mwezi wa tatu, mtaa aliokuwa anafanya kazi rafiki yake ulichomwa, na Pontien, ambaye hata panya alikuwa anaogopa kumpiga, akachukua Corolla yake ya kijani, akaenda kuwapakia watu. Alipokuwa anarudi nao, vijana waliochoma walikuwa wameweka magogo barabarani. Mvua ilikuwa inanyesha, kioo kimejaa tope. Hakusimama. Alipita juu ya magogo, watu wakaokoka, na tangu siku hiyo vijana wakawa wanaitafuta Corolla ya kijani mji mzima.

Sikilizeni vizuri hapa. Uso wake hawakuuona. Waliijua gari tu.

Akatujia mchana, na Fadhila pembeni yake ana mimba kubwa. Mimba ile ilikuwa inamtesa, muganga wa hospitali alimkataza kutembea hata kwenda sokoni. Mabasi yalikuwa hayatoki mjini. Wenye taksi ukiwatajia barabara ya Gatumba, ile ya mpakani, walikuwa wanafunga kioo usoni kwako. Ng'ambo ya mpaka, Uvira, kuna dada yangu mdogo mwenye nyumba, na kutoka kwetu mpaka kwake siyo mbali, ukiwa na gari unafika chai haijapoa. Lakini kwenda na ile ya kijani kulikuwa ni kujipeleka. Kubaki pia kulikuwa hivyohivyo, maana vijana walishaanza kuingia nyumba kwa nyumba barabara za juu, na ilitangazwa kwamba kuanzia Jumamosi itakuwa ville morte, mji unafungwa, hakuna atakayetoka wala kuingia isipokuwa wao.

Kwa hiyo tukakubaliana hivi: Shakuru aipake gari rangi nyingine, tuifunge namba za gari mbovu iliyokuwa imeoza gerejini, Pontien avae kanzu na kofia, apite kama fundi wa Buyenzi anayempeleka mke wake kujifungulia kwa mama yake mdogo. Watu wa Buyenzi walikuwa bado wanaachiwa kupita. Tulikuwa tunatengeneza magari ya hawa na ya wale, kila mtu alikuwa anatuhitaji.

Sasa rangi. Yaani nikikumbuka, kichwa kinachemka. Kuna rangi ya selulosi, ile inayokauka maji yake yakiruka hewani. Unaipuliza, unakunywa chai, imekauka. Lakini ukiipuliza wakati wa mvua inapauka, inaota ukungu mweupe kama mtu kamwagia maziwa. Kuna ile ya kuchanganya na dawa ya kukazia. Hiyo inajikaza yenyewe ndani kwa ndani, hata ukiifungia gizani, na ukikosa dawa yake itakunata mpaka kiyama. Hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaihitaji, rangi yake tulikuwa nayo lakini dawa ilikuwa ghalani kwa Pontien, na ghala lilikuwa na kufuli na wanajeshi mlangoni. Mtunza ghala mwenyewe amekaa kwangu na hawezi kufika kwenye mikebe yake.

Iliyobaki ya kutumia ilikuwa rangi ya mafuta, buluu ile ya mageti. Rangi ya mafuta inakunywa hewa. Inaanza kukauka kutoka juu, inatengeneza ngozi, na chini ya ngozi bado ni mbichi kama uji. Inataka kupakwa nyembamba, inataka jua, inataka upepo, inataka siku. Sisi tuliipaka nene ili kijani isionekane. Tuliilainisha na mafuta ya taa kwa sababu diluant yenyewe, dawa ya kulainishia, ilikwisha. Na tuliipaka nyuma, kati ya ukuta na choo, chini ya turubai tulilolitundika juu, kwa sababu ile gari ilikuwa haitakiwi kuonekana na mtu. Jua halifiki pale. Mvua ilikuwa inalowesha ukuta mpaka unatoa jasho.

Alhamisi asubuhi Shakuru akapaka koti la mwisho. Nikasimama nikaitazama. Ilikuwa inang'aa, nzuri, kama geti la tajiri. Nikamwambia mume wangu kwamba rangi hii inatudanganya, hata Jumapili haitakuwa tayari. Akanijibu kwamba yeye siyo Mungu.

Ijumaa nikafunga mtandio nikaenda kwa miguu mpaka Zone Industrielle. Kulikuwa na mwenzake Pontien, Cirimwami, aliyekuwa na mkebe wa dawa ya kukazia nyumbani kwake, na nilikuwa na wazo kwamba tungekwangua ile buluu, tupake upya na rangi ya kukazia, ifike jioni imekaza. Cirimwami akanipa. Hakuniuliza ni wa nini, alinifungia kwenye kitenge akaniambia nipite njia ya chini. Nilirudi nao kifuani kama mtoto. Jua lilikuwa limetoka kali baada ya mvua, na mimi nilikuwa nashukuru kwa lile jua, nasema Alhamdulillah njia nzima.

Nilipofika, gari haikuwepo. Turubai lilikuwa limekunjwa vizuri, limewekwa juu ya jiwe. Tabia ya Fadhila hiyo, hawezi kuacha kitu ovyo.

Aliyenieleza ni Tajudini, fundi wa magurudumu wa ng'ambo ya barabara. Wanaume walikuwa msikitini kwa swala ya Ijumaa, Shakuru pia. Mtu akapita mbio anasema vijana wameingia kwa juu, wanashuka, wanafungua milango. Pontien alikuwa nyuma, amejificha, tayari na kanzu yake. Hakuweza kutoka mbele, kwa hiyo akamwambia Fadhila aende akaangalie. Tajudini akamuona mwanangu anatoka mlangoni na tumbo lake, polepole, mkono mmoja kiunoni. Hakuangalia barabara wala watu waliokuwa wanakimbia. Alikwenda kwenye waya.

Kibati kilikuwa pale. Shakuru alikipaka na kukitundika Alhamisi, kama alivyofanya kila alipopaka gari tangu baba yake amfundishe. Hakuna aliyemwomba. Mkono wake ulifanya wenyewe. Na kibati ni kipande cha bati chembamba, kilipakwa kwa rangi iliyobaki kwenye brashi, kikakaa mchana mzima kwenye upepo wa barabara, na Ijumaa kikapigwa na lile jua nililokuwa nalishukuru. Siku nyingine zote gari inakaa hapohapo kando yake, jua moja, upepo mmoja. Siku hiyo gari ilikuwa nyuma kando ya choo na shahidi alikuwa juani.

Fadhila akakandamiza dole gumba. Akaangalia dole, likawa safi. Akaangalia kibati, hakikuwa na alama. Akamwambia Tajudini, "Imekauka," kisha akarudi ndani. Na rangi ya gari yenyewe hawakuigusa, hata mmoja wao, walishika vishikio tu, kwa sababu gari haiguswi. Tulimfundisha vizuri mno.

Na mnajua kitu gani kinanichoma? Vijana wale hawakufika kwetu. Walishuka mpaka karibu na msikiti, wakakuta watu wanatoka kuswali, wengi, wakarudi walikotoka. Wangesubiri kidogo tu. Kidogo tu, nami nilikuwa njiani na mkebe kifuani.

Shakuru alirudi, akasikia, akaenda nyuma. Pale gari ilipokuwa kulikuwa na matone ya buluu ardhini. Akachuchumaa, akagusa tone moja, likavutika pamoja na kidole chake kama asali. Mimi ndiye niliyesema, nikasema yote, nikamtukana yeye na baba yake na bati lao, mpaka jirani wakaja kunishika. Yeye alibaki amechuchumaa.

Fadhila alirudi jioni, ameegemea mama mmoja muuza ndizi anayeitwa Consolate, ambaye hatukuwahi kumuona maishani. Miguu imevimba, viatu hana. Viganja vyake vyote viwili vilikuwa buluu. Nikaanza kuviosha na mafuta ya taa, na akaniruhusu, na wakati naosha akanieleza, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani.

Walisimamishwa kwenye kizuizi, mjini kunapokwisha. Kijana aliyewajia alikuwa na adabu. Aliwasalimu. Aliuliza wanakwenda wapi, Pontien akamwambia, kijana akachungulia akaona tumbo, akamuombea Fadhila ajifungue salama. Muda wote huo alikuwa ameegemea gari, mkono mmoja juu ya paa, kama watu wanavyoegemea wakiongea na dereva. Akasema nendeni. Akainua mkono, na ngozi ya rangi ikainuka nao.

Fadhila alisema kijana mwanzoni alicheka. Aliangalia kiganja chake, akacheka, akauliza kama kuna kitambaa cha kujifutia. Pontien akampa kitambaa. Kijana akawa anajifuta, huku anaitazama ile sehemu ya paa, na akaacha kujifuta. Akapitisha kidole. Chini yake ilikuwa kijani.

Wakamvuta Pontien nje. Alishika paa. Walikuwa wanamvuta na yeye anashika paa, na paa linateleza. Fadhila akashuka akawa anashika pia, upande wake, mpaka mtu akamsukuma akaanguka. Consolate akamuinua, akamfunika kitenge, akawa anawapigia kelele kwamba huyu ni dada yake na ana mimba, wamuache. Walimuacha. Pontien walimpeleka nyuma ya nyumba fulani, na gari wakaichukua. Hilo ndilo la mwisho. Shakuru alikwenda kutafuta mwili kesho yake, pamoja na ville morte yao, na kesho kutwa, na wiki iliyofuata. Hakupata hata kiatu.

Mngefikiri yameishia hapo. Mi nilifikiri hivyo.

Ville morte ikaisha, mwezi ukapita. Asubuhi moja naosha masufuria mbele ya gereji, nasikia injini. Mtu aliyeizoea gari anaijua injini yake, na mikono yangu iliacha sufuria kabla akili haijafika. Corolla ikasimama mlangoni kwetu. Buluu. Akashuka kijana amevaa shati la pasi, akajitambulisha kwa jina, Valéry, akamsalimu Shakuru kwa heshima, akasema amesikia kwamba Buyenzi nzima hakuna fundi rangi kama muzee Shakuru. Anataka gari ipakwe nyeupe. Akaizunguka, akaonyesha vile ilivyoharibika, akauliza:

"Muzee, ni nani alipaka hii takataka?"

Nilimuangalia mume wangu. Nilijua kuna jibu moja tu, maana Fadhila alikuwa nyuma ya pazia na mimba ya mwezi wa tisa.

"Sijui," Shakuru akasema. "Ni mutu asiyejua kazi."

Kijana akaacha ufunguo, akaondoka.

Ndipo tukaliona paa. Kwa juu, upande wa dereva, kulikuwa na alama ya kiganja kizima, ngozi imenyofoka, kijani inachungulia. Na ukingoni, juu ya mlango, kulikuwa na mistari minne. Inaanzia juu ya paa, inakwenda kwa nje, imezama kwenye rangi, na mwisho wa kila mmoja rangi imejikusanya kama tope mbele ya jembe. Kidole kidogo kiliachia kwanza. Nikaweka ukucha juu yake, nikakandamiza kwa nguvu zangu zote. Ngumu. Ilikuwa imekauka ile rangi, imekauka kabisa, kote, juu na chini, ngumu kama sahani. Mwezi mzima ilikuwa imekaa kwenye jua la wale watu na ikakauka.

Sikumsikia Fadhila akija. Alisimama kando yangu, akanyanyua mkono wake wa kulia, akaweka vidole vinne ndani ya ile mistari. Vidole vyake ni vyembamba, havikuijaza. Akakaa hivyo, jicho kavu.

"Mama," akasema, "hana kaburi. Hii muniachie mi."

Nikamwambia tutafanya nini, paa siyo mlango, mlango ningeung'oa na kumfungia huyo shetani mlango mwingine. Nikamwambia akija akaikuta mistari ile bado ipo, atauliza kwa nini. Nikamwambia ana mtoto tumboni. Nilikuwa nasema kwa ukali, Mungu ananiona, kwa sababu ningesema kwa upole ningeshindwa. Akatoa vidole. Akarudi ndani.

Shakuru akachukua msasa, akaulowesha, akauweka juu ya paa. Mkono haukwenda. Mkono ule uliotundika kibati wenyewe bila kuambiwa, leo aliuambia na haukusikia. Akasimama hivyo mpaka maji ya msasa yakakauka. Nikamnyang'anya.

Nikaanza na kiganja cha yule wa kizuizini, hicho nilikisugua kwa furaha. Kisha nikaja kwenye mistari. Rangi iliyokauka vizuri ni kazi kubwa kuiondoa, inatoka vumbi, inaingia puani. Ilitoka buluu, ikaja kijani, kijani yake Pontien aliyoichagua mwenyewe kwenye mikebe ya ghalani, halafu ikaja chuma. Nilisugua mpaka kidole cha mwisho. Nyumbani hakukusikika kitu isipokuwa msasa, na najua Fadhila alikuwa anausikia, maana nyumba yetu ukuta wake ni mwembamba.

Shakuru akaipaka nyeupe iliyochanganywa na ile dawa ya kukazia niliyoileta kutoka kwa Cirimwami. Kazi safi. Makoti membamba, juani, mbele ya mlango, watu wote wakiona. Kibati hakutundika, siku hiyo wala tena.

Valéry alipokuja kuichukua, hakujua desturi yetu, hakutafuta waya wala shahidi. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akaweka kiganja juu ya paa, palepale upande wa dereva, akakandamiza na uzito wake wote. Nyuma yangu pazia lilikuwa wazi kidogo. Kijana akainua mkono, akauangalia, kisha akamuonyesha Shakuru kiganja chake anatabasamu.

Kilikuwa safi.